Nilimsomea Halbadiri Dada Yangu

Nina miaka arobaini na sita. Sina mke, sina nyumba, na ndugu niliyenaye duniani ni mmoja tu: dada yangu Miza, tumbo moja, ziwa moja. Naandika haya kwa sababu nilimtendea dada yangu jambo ambalo hata adui hatendewi... na nililitenda nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mtu wa miguu. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka Unguja na begi moja, nikamwambia baba nakwenda Tanga kutafuta maisha, narudi baada ya mfungo. Sikurudi! Niliuza mitumba Tanga, nikapika chai bandarini Mtwara, nikanunua ufuta vijijini Lindi, mwisho nikaingia Tunduru kuchimba mawe ya vito. Kila mji niliufikia nikiwa na hamu nao, na mwaka ukipita nikawa na hamu ya nyumbani. Nikikuta mashokishoki, yale matunda mekundu ya kwetu yenye nywele, yamepangwa sokoni nasimama, nanusa, machozi yananilenga. Lakini kurudi sirudi. Nitarudi na nini mkononi?

Ikapita miaka kumi na tisa. Sita ya mwisho sikupiga hata simu.

Siku moja Tunduru nikakutana na kijana wa kwetu. Akanipa mkono akasema, "Pole na msiba." Nikamuuliza, "Msiba gani?" Akanitazama kama aliyeona jini. Baba alikuwa amekufa, miezi minane nyuma. Nikakaa chini pale pale, barabarani.

Safari yangu ya kurudi ilichukua siku tano. Lori la mbao hadi Masasi, kisha basi hadi Mtwara, kisha basi jingine lililoharibika njiani tukalala humo ndani abiria wote, hadi Dar es Salaam. Boti ilinitapisha. Niliposhuka bandari ya Malindi, Unguja, sikutaka gari. Nilipita Mji Mkongwe kwa miguu, vichochoro vile vile, nikanunua haluwa dukani kwa Muhindi mmoja mzee ambaye baba alikuwa akinichukua kwake nikiwa mdogo. Hakunikumbuka. Nikavuka hadi Ng'ambo, nikapanda gari ya shamba, nikashuka Kiboje, kijijini kwetu, na pakiti ya haluwa mkononi. Hiyo ndiyo mali niliyorudi nayo!

Da Miza alikuwa anafagia uani, amenipa mgongo.

"Shikamoo, Da Miza."

"Marahaba," akajibu bila ya kugeuka. Kisha ufagio ukamwanguka. "Mussa? Ni wewe, au mtu kaniletea sauti yake?"

Akalia, nikalia. Lakini hapa ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia, wasomaji wenzangu, hata viatu sijavua. Kabla hajanipa maji, kabla hajanikaribisha ndani, dada yangu alikwenda mbio nyuma ya nyumba, penye mdoriani wa baba. Akaweka kiganja kwenye shina lake. Midomo yake ikawa inacheza.

Nikamuuliza, "Unafanya nini huko?"

"Nnamshukuru Mungu. Njoo ule, umekonda kama kingoe."

Nilicheka, kwa sababu kingoe ni ile fimbo ndefu yenye ndoano tunayoangulia matunda. Lakini moyoni nikajiuliza... mtu anamshukuru Mungu kwenye mti?

Shamba la baba ni eka mbili. Michungwa, mishokishoki, migomba, mifenesi miwili, na mdoriani mmoja mkubwa ambao watu watatu hawaukumbatii. Miaka yote hiyo Da Miza ndiye aliyelishughulikia. Aliachika kijana, hakuzaa, akarudi kumlea mama, kisha akamlea baba, akawazika wote wawili. Mimi niko wapi? Niko Tunduru, natafuta jiwe la kijani.

Tukaanza maisha. Asubuhi naangua mashokishoki kwa kingoe, Da Miza anayaokota na kuyafunga vichopa, yaani mafungu, kwa ukindu. Mchana napalilia na kumwagilia migomba. Alasiri anakuja Makame, mchuuzi wa Kitumbatu mwenye gari ndogo ya mizigo, anapakia na kupeleka mjini na kwenye mahoteli ya Kendwa. Na hali ilikuwa mbaya! Unga umepanda, mafuta ya kula yamepanda, nauli imepanda, kilichoshuka ni tunda tu. Machungwa tulikuwa tunayaacha yakioza chini, kwa sababu gharama ya kuyafikisha sokoni ilishinda bei yake. Paa la nyumba lilikuwa linavuja juu ya kitanda changu. Da Miza alikuwa ana presha, na vidonge vyake alikuwa akivila siku moja na kuruka siku ya pili ili visimalizike.

Tunda moja tu lilikuwa na bei. Doriani! Watu wa mjini wanaligombania.

Doriani, kwa asiyejua, ni tunda kubwa la miba lenye harufu kali, na halichumwi. Ukilichuma bichi limekufa. Unalisubiri mpaka liive juu, liachie lenyewe, lianguke kwa kishindo. Kwa hiyo mwenye mti huamka mapema, akaenda kuokota.

Mimi nilikuwa nikienda baada ya sala ya alfajiri. Nikifika, nakuta majani yamebonyea, alama ya miba udongoni, na harufu... lakini tunda hakuna! Siku moja, mbili, wiki nzima. Nikiokota, ni moja lililobingirikia vichakani.

Nikamwambia Makame kwamba mdoriani umezeeka, hauzai. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mdoriani wa mzee Haji hauzai? Yakhe, wacha mchezo! Mimi mti ule ulikuwa unanijazia gari, baba yako yu hai. Hata baada ya kufa kwake, Bi Miza kaniuzia. Madoriani yamekatika tangu ulipokuja wewe."

"Tangu nilipokuja mimi?"

"Basi nnakusingizia? Doriani lasubiriwa, sheikh. Sasa we jiulize, nani anakusubiria wewe?"

Maneno yale yaliniingia kama mwiba wa tunda lenyewe. Tangu nilipokuja mimi! Kwa hiyo kuna mtu hataki nipate. Kuna mtu anayeona mrithi amerudi, anaficha. Nani?

Nilianza kumtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Jirani akinisalimia kwa uchangamfu, namshuku. Akininunia, namshuku zaidi. Nikawauliza majirani, nikamuuliza muuza duka, nikawauliza wanawake wa kisimani. Wote wakasema hawajui. Wengine waliinamisha macho. Kwa nini waliinamisha macho?

Kisha asubuhi moja Da Miza alirudi kutoka mjini, pakacha tupu mkononi. Alisema alikwenda kuangalia vidonge. Alipopita mbele yangu, kanga yake ikaninukia. Jamani, doriani halifichiki! Unaweza kuficha dhahabu, ukaficha mimba miezi mitatu, lakini harufu ya doriani haifichiki.

Dada yangu! Aliyenibeba mgongoni! Nikaanza kukumbuka mambo na kuyaunga. Ule mti alioukimbilia siku niliyofika. Kuamka kwake kabla ya adhana. Safari zake za mjini mara mbili kwa wiki. Mara akili yangu ikanipa kuwa ana mwanamume huko. Mara ikanipa kuwa anajenga kisiri. Chakula alichonipikia nikawa nakila huku namtazama mikono.

Mtaniuliza: kwa nini hukumuuliza? Na mimi najiuliza swali hilo mpaka leo. Niliuliza kijiji kizima, wasomaji wenzangu. Yeye peke yake sikumuuliza!

Nilichofanya ni kwenda kwa Maalim Khatibu, mwalimu wa madrasa wa kijiji chetu, kumwomba anisomee halbadiri. Sisi watu wa pwani tunaijua. Ukiibiwa na humjui mwizi, watu wanakusanyika, majina ya watu wa Badri yanasomwa, ubani unafukizwa, na aliyechukua anaombewa limpate la kumpata. Watu wanaiogopa kuliko polisi.

Maalim alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mussa, umemuuliza dada yako?"

Nikamjibu kwamba mambo haya hayamhusu mwanamke.

"Basi mimi sisomi. Na nnakunasihi usisome. Ile si fimbo ya kupigia gizani. Kamuulize kwanza Miza."

Nikaondoka nimekasirika. Kwa nini amtaje Miza? Kumbe na yeye yumo! Nikamshuku hata mwalimu aliyenifundisha alifu. Nikatafuta msomaji kijiji cha mbali, mtu asiyetujua. Na maneno ya kuombea nikampa mwenyewe, nakumbuka neno kwa neno: "Aliyekula tunda la mdoriani ule, na haki si yake, Mungu amdhihirishe."

Desturi ni kutoa tangazo kwanza, siku saba, aliyechukua apate kurudisha. Nikatangaza msikitini. Jioni ile ile Da Miza alinijia nikiwa nafunga vichopa. Akasimama.

"Mussa, hiyo halbadiri ya kitu gani?"

"Ya madoriani."

"Kwani yamepotea?"

"Si unajua wewe."

Akafungua mdomo. Nakiona kinywa kile hadi leo, wasomaji... kilifunguka, kikataka kusema, kikajifunga. Akaokota kichopa kilichoniponyoka, akakifunga vizuri.

"Soma," akasema. "Soma tu, ndugu yangu. Mwenye haki haogopi."

Mimi nikaona ni ujeuri!

Siku ya saba, baada ya alasiri, watu walijaa ukumbini kwetu na wanawake ndani. Msomaji akasoma. Kila dua ikiisha, watu wanaitikia amin. Na kutoka ndani, juu ya sauti zote za wanawake, niliisikia sauti moja ninayoijua tangu utoto. "Amin!" Imenyooka, haitetemeki. Dada yangu alikuwa anaitikia laana niliyomsomea mimi.

Asubuhi iliyofuata, kama kawaida, madoriani hayakuwepo. Hata hakuogopa!

Siku ya kumi na mbili baada ya kisomo tulikuwa tumekaa uani, anafunga mashokishoki. Nikaona ukindu umemponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Akautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Akataka kuniita... na mdomo ukaenda upande.

Tulimkimbiza hospitali mjini. Daktari alisema ni kiharusi, presha imepanda, na akauliza kwa nini vidonge haviliwi kila siku. Lakini kijijini nani anamsikiliza daktari? Kabla sijarudi, habari ilikuwa imeshafika. "Imemkamata! Miza kumbe ndiye!" Waliokula sahani zake Ramadhani zote wakawa wanatema mate wakipita mlangoni kwetu. Na yeye ulimi ulikuwa mzito, hawezi kujitetea.

Na mimi? Leo nasema kweli, kwa sababu nisipoisema hapa sitaisema popote. Nilifurahi. Nilihuzunika kwa ugonjwa wake, ndiyo, lakini chini ya huzuni kulikuwa na furaha. Nilijiambia: sikukosea!

Madoriani yakaanza kuonekana. Asubuhi nakuta matatu, manne, yamelala kwenye majani yananisubiri. Si ushahidi huo? Nikayaokota yote. Makame akayachukua, nami nikanunua mabati, nikaezeka upande wa chumba changu. Doriani moja nikapasua mwenyewe, nikala nimekaa chini ya mti, nikilamba vidole.

Wiki ya tatu akaja mwanamke mmoja mtu mzima, buibui limechakaa, akabisha hodi akimuuliza Miza. Alijitambulisha kuwa ni Bi Fatma wa Kikwajuni, mjini. Analea mayatima kumi na mmoja nyumbani kwake, watoto wa watu mbalimbali, kwa sadaka tu.

"Watoto wanamuuliza," akasema. "Kila gari ikija wanachungulia. Wiki ya tatu hii hajaja na madoriani, nikajua yupo kitandani."

Nikamuuliza madoriani gani. Akanitazama vizuri.

"Wewe ndiye Mussa?" akauliza. "Aliyepotea?"

Nikaitika. Akakaa kitako kwenye baraza, bila ya kukaribishwa, akaanza kulia. Kisha akanieleza.

Baba yangu, mwaka wake wa mwisho, alikuwa ameshaambiwa na watu kwamba mimi nimefukiwa machimboni. Alikataa. Akaweka nadhiri mbele ya Maalim Khatibu na mbele ya Da Miza: mwanangu Mussa akirudi hai, hata mimi nikiwa kaburini, mazao ya mdoriani huu ni ya mayatima, maisha. Tunda lote, lisibaki moja nyumbani. Na akausia: Mussa asiambiwe, asije akajiona amenunuliwa kwa matunda. Sadaka iwe ya siri.

Ndiyo maana kabla sijarudi madoriani yalikuwa yanauzwa. Ndiyo maana yalikatika tangu nilipokuja! Siku ile niliyosimama uani na haluwa yangu, nadhiri ilikuwa imesimama. Na dada yangu alikwenda kuweka kiganja kwenye shina kuikubali, kwa niaba ya maiti.

Nikauliza kwa nini hakujitetea hata neno moja, kwa nini hakusema. Bi Fatma akafuta macho.

"Mimi nilimwambia sema, Miza, wasia si kujitia shimoni. Akanijibu, 'Akija kuniuliza mwenyewe, ntamwambia. Baba hakuniusia nimdanganye. Nnangojea aniulize tu.'"

Alikuwa ananisubiri! Kila asubuhi, kila sahani ya chakula, dada yangu alikuwa ananisubiri niulize.

Nikakimbia kwa Maalim. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Nilinyamaza kwa amana, na labda na mimi nimekosa. Lakini ulikuja kwangu kutaka kulaani, Mussa. Hukuja kutaka kujua."

Njiani nikakumbuka maneno niliyompa yule msomaji. Aliyekula tunda la mdoriani ule, na haki si yake... Nani alikula? Da Miza hakuwahi kuonja hata kokwa msimu ule. Aliyekula, akalamba vidole, alikuwa mimi.

Ijumaa nilisimama msikitini nikawaambia watu ukweli wote. Nilidhani nitamsafisha. Wapo waliolia. Lakini nilipotoka nikamsikia mmoja akinong'ona, "Anamsitiri dada yake, ndiyo damu hiyo." Na mwingine akamjibu, "Mbona mdomo ulikwenda upande?" Maneno huyatoi mdomoni ukayarudisha, na dua ya laana haina dua ya kuifuta iliyo rahisi kama ile ya kuisoma.

Da Miza alipotoka hospitali hakurudi Kiboje. Alikwenda kwa Bi Fatma, Kikwajuni. Nilimfuata, nikapiga magoti, nikashika miguu yake. Alinisamehe. Alisema hivyo kwa ulimi wake mzito, "Nshakusamehe." Nikamwomba arudi nyumbani, nitamhudumia mimi, nitampikia, nitamwogesha, nitalipa kila kitu nilichokula.

Akatikisa kichwa. Alitumia muda mrefu kupanga maneno.

"Baba aliomba urudi," akasema. "Hakuomba ukae."

Nikaelewa. Nikiwepo mimi, ile nyumba ni nyumba ya mtu aliyemsomea. Nikiondoka, ni nyumba yake.

Nilikaa wiki mbili nyingine kwa ajili ya kazi tu. Nikamalizia paa upande wa chumba chake, nikapalilia, nikafunga mashokishoki ya Makame. Makame hakunitania tena. Nikamwandikia Maalim karatasi kwamba sehemu yangu ya shamba nimempa dada yangu, na mdoriani ni kama baba alivyoacha.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta doriani moja chini ya mti. Kubwa, lina joto la jua la jana bado. Nikalitia kwenye pakacha, nikalichukua mjini pamoja na begi langu.

Kikwajuni watoto waliona pakacha kabla hawajaniona mimi, wakapiga kelele. Da Miza aliketi mkekani, akalipasua kwa mkono wa kushoto, Bi Fatma akimshikia. Akagawa kipande kwa kipande. Kila mtoto kipande. Alipofika kwangu mkono wake ukanipita, ukaenda kwa mtoto aliyekaa pembeni yangu. Hakufanya kwa chuki. Lilikuwa si langu. Hata yeye alijifuta vidole kwenye kanga bila ya kuvilamba.

Nikasema, "Nnakwenda, Da Miza." Akaniambia nikifika nipige simu. Ni hilo tu. Nikashuka hadi bandarini kwa miguu, na safari hii sikupita dukani kununua haluwa.

Leo niko Lindi, napima ufuta wa watu. Kila Ijumaa nampigia, ananijibu maneno matatu manne. Nikiumwa kichwa tu usiku sipati usingizi, najiuliza kama ndiyo ile halbadiri imeanza. Nani wa kunilaumu kwa kuogopa? Niliiomba mwenyewe, na watu waliitikia amin.

Wasomaji wenzangu, shida zikibana nyumba, kila mtu huonekana mwizi. Unga ukipungua unamtazama mkeo, tunda likikosekana unamtazama nduguyo. Nawaomba sana, kabla ya kwenda kwa msomaji, kwa mganga, kwa polisi, kwa jirani... ingieni ndani, kaeni kitako, mmuulizeni yule mnayemshuku. Kwa ulimi wenu wenyewe! Pengine jibu analo tayari, amelishika miezi mingi, na anawangojea nyinyi tu muulize.